Mafuta ya Magharibi

Adila alikuwa na adui mmoja tu duniani, na adui huyo alichomoza kila siku upande wa baharini, hakosi, haugui hata mafua. Alizaliwa Mlingotini na ualbino, katikati ya ukoo wa watu weusi tii, na alipokua kazi aliyoipata ni kulima mwani. Ngozi ya kukaa ndani, kazi ya kukaa juani.

Mwani nao hauna huruma. Unangoja bamvua, maji yatoke mpaka mbali, ndipo wanawake waingie kufunga kamba na kuvuna. Na pwani hii bamvua hukausha maji saa nne, saa tano, jua likiwa linapanda utosini. Daktari alipomwambia asikae juani kati ya saa nne na saa tisa, Adila alimjibu kwa heshima zote: "Basi tuandikie barua, daktari, bahari itoke alfajiri. Tutaipeleka wenyewe."

Hiyo ilikuwa miaka miwili nyuma. Daktari Kulwa, mtu wa bara, viatu vinang'aa mpaka unajiona, aliwakusanya watu wenye ualbino kwenye baraza ya kituo cha afya akawapa nasaha. Nguo za mikono mirefu. Kofia pana. Kidonda kisichopona mwezi mzima, usikifiche. Na mafuta haya ya kukinga jua: "Kila siku, ukishaoga, jipake." Akagawa chupa.

Adila alishika alichoweza. Mafuta aliyashika kuliko sala ya sunna, na sababu ilikuwa Lulu. Lulu, binti yake wa pekee, alitoka tumboni na ngozi ile ile, na wiki hiyo hiyo baba yake akakumbuka ana safari ya Tanga. Mtoto sasa ana miaka saba. Baba bado yuko njiani, labda Tanga imehamishwa.

Mtoto kama yule humwachii mtu hivi hivi kwa kusema "niangalizie". Adila alikwenda naye baharini, akamkalisha mchangani na kanga kichwani, kanga ambayo Lulu aliivua kila mama alipogeuka. Lakini Adila hakuhofia sana. Mtoto anapakwa.

Kisha likaja sikio. Kidonda kidogo juu ya sikio la kushoto la Adila mwenyewe, kabla ya Ramadhani. Alikipaka liwa. Alikiosha kwa maji ya mwarobaini. Akakifunika kwa mtandio, na mtandio unafunika mengi. Kufika Mfungo Tano, mwezi wa tano baada ya Ramadhani, kilikuwa na kingo ngumu, kinatoa damu akigusa tu. Aliyesema ukweli ni jirani yake Dija, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika.

"Shoga, sikio lako linanuka papa. Nenda kwa daktari kabla paka hawajaanza kukuposa."

Akaenda, na Lulu mkononi. Njia nzima alijipa moyo kwa jambo moja: mimi nilikua bila mafuta, yangu yameshaandikwa. Huyu ameanza na miaka mitano. Huyu atapona na haya.

Daktari Kulwa alilitazama sikio, akaligusa.

"Mafuta unajipaka, Mama Lulu?"

"Kila siku ya Mungu, daktari. Mimi na huyu. Hata tukiwa na homa."

Daktari akamgeuza Lulu uso kwenye mwanga wa dirisha. Mgongo wa pua na mashavu yalikuwa na magamba makavu, yanakwaruza kama msasa. Akapitisha kidole mara mbili.

"Niambie kweli, sikugombezi. Mafuta hujayauza?"

"Nimuuzie nani? Watu weusi wa Mlingotini wayafanyie nini, wakaangie samaki?"

"Mtoto unampaka saa ngapi?"

"Akishaoga. Ulivyosema."

"Anaoga saa ngapi?"

Adila alilishangaa swali. "Magharibi. Tukirudi baharini, tunatoa chumvi, tunajipaka, tunakula."

Nesi aliyekuwa anaandika pembeni alitokwa na kicheko, akakimeza kikiwa nusu.

Maana huko alikotoka Daktari Kulwa mtu huoga asubuhi, akavaa viatu, akaenda kazini. Mlingotini nani ataoga ili akasimame kwenye maji ya bahari? Halafu mwanamke asiye na mume, akisikika anamwaga maji bafuni alfajiri, mtaa mzima utataka kujua hilo josho la janaba ni la nani. Mwaka jana Adila alijisahau mara moja, akaoga mapema kwa ajili ya joto. Dija alimngoja mlangoni na salamu: "Hongera bibi! Bwana harusi ni nani, au umelala na mwani?" Hakurudia.

"Mafuta haya ni ya kabla ya jua," daktari alisema polepole. "Kuoga si lazima. Unajipaka nusu saa kabla ya kutoka, unarudia kila baada ya saa mbili. Nilisema vibaya. Kosa ni langu."

Adila hakumsikia vizuri. Alikuwa anaona mikono yake mwenyewe, siku baada ya siku, inamsugua mtoto mbele ya kibatari, haiachi hata nyuma ya masikio. Miaka miwili amemkinga mwanawe na mwezi.

"Imeshakuwa saratani?"

"Sikio lako nalihofia. Nakuandikia rufaa, uende Dar wiki hii wakate kipande wapime."

"Sikio likate lote, utie mfukoni. Nakuuliza huyu."

"Huyu bado. Ngozi imeungua, hizi ndizo dalili za mwanzo. Akiepushwa na jua kuanzia leo, tuna nafasi. Akiendelea hivi, sijui."

Kabatini ilikuwa imebaki chupa moja, akapewa. Nyingine zikija, nesi alisema, watapigiwa simu.

Jioni Dija alikuja uani na mdomo wake tayari. Alipoelezwa, akakaa chini.

"Rufaa siku gani?"

"Jumatano."

"Jumatano ndiyo bamvua."

"Najua."

"Mwani wako nitakuvunia. Vibaya, lakini nitavuna. Na huyu mtoto atakaa ndani na mama yangu, mlango umefungwa."

Adila akamsogezea mkeka.

Adhana ya magharibi ilipokwisha, Lulu alitoka bafuni maji yanamchuruzika, akachukua chupa mpya, akampa mama yake. Kisha akafumba macho na kuinua uso, kama alivyofundishwa.

"Siyo sasa, mwanangu. Asubuhi."

"Asubuhi tunaoga?"

"Hatuogi."

Lulu alifumbua macho, midomo ikaanza kumcheza. "Mama, nimekosa nini?"

Adila akaiweka chupa karibu na mlango, juu ya ile kanga ya mtoto. Akamimina mafuta ya nazi kiganjani, akampaka ile pua yenye msasa, taratibu, akirudia pale pale, kama mtu anayefuta kitu alichokiandika mwenyewe kwa wino. Nje giza lilikuwa limeshaingia, saa pekee ambayo mwanawe hakuhitaji kukingwa na chochote.