Mama Sifa Alipika na Bunduki ku Shingo

Nilikosa, sitaficha. Minye ni koko, bibi muzee wa hapa Mulongwe. Meno imebaki tatu, lakini mudomo ungali muzima wote. Na ni ule mudomo uliniua!

Kuko mwalimu mumoja anatembezaka bageni na miguu, anabaonesha fasi vita ilipita: barriere ya kuzuia njia ilikuwa wapi, basoda benye bunduki balilala mu nyumba gani. Akaniambia, "Koko, weye ulikuwako, uje utusimulie." Aah! Minye wa kusimulia, nani atanikataza?

Bageni bakakuja na kofia na chupa za mayi, sawa banapanda mulima. Ukuta wenye tundu za risasi, picha! Tundu ingine ni ya panya, bakapiga nayo picha. Nikabacheka mu roho. Mujinga kumbe ni minye!

Kufika pa lupango, uzio wa nyumba ya jirani yangu Mama Sifa, bakaanza kupiga myayo. Roho ikaniuma: banachoka na minye? Nikatupa bongo, uongo wa muchana: "Hapa ni kwa mupishi wa basoda! Alikuwa anabapikia na nyimbo, anabachagulia samaki ndagala za munono!"

Bakashangaa, bakaandika. Nikavimba sawa chura.

Bongo tupu! Mama Sifa balimupikisha na bunduki ku shingo. Na kila jioni alikuwa anaiba fufu, ugali wa muhogo, mu ile sufuria yabo, anatupitishia chini ya lupango. Bila yeye, mutoto wangu Neema ningemuzika.

Kumbe alikuwa ndani ya lupango, anaanika ndagala. Akatoka, magamba ku mikono. Hakupiga kelele.

"Mama Neema," akasema, "weye na batoto, mulikulaka mu sufuria ya nani?"

Nikageuza mugongo, nikafuata bageni.

Bongo yangu ikaruka lupango: sasa akienda soko, batu banamuitaka "Mupishi wa basoda!" Na siye bawili, tangu tuolewe, mwenye kuwasha mbabula, jiko la makaa, wa kwanza anagawia mwenzake makala ya moto. Leo akiniona ninakuja na kigae changu, anamwanga mayi ku moto wake. Fshhh! Mbele ya macho yangu.

Nilipiga magoti. Akanijibu, "Enda uniombee musamaha kwa bale bageni. Ubasimulie vizuri."

Bageni gani? Balishaenda na bongo yangu mu makaratasi!

Ndiyo niko nasimulia hapa, pengine mumoja wabo atasikia. Na weye mwenye mudomo mutamu sawa minye, angalia sana. Mugeni anakucheka saa moja, anaenda. Moto wa asubuhi unatokaka kwa jirani. Wangu leo unatoka mu kiberiti.