Maman Alisema "À Point"

Chwaaa! Hadi leo nikifumba macho naisikia: nyama ikilia juu ya kibao cha chuma cha moto, mhudumu akikipitisha juu ya vichwa vyetu kuelekea meza ya jirani. Maman aligeuka mzima mzima kwenye kiti chake. "Yesu! Hapa banapika!" Nami nikajiona nimeshinda. Ningejua kwamba sauti ile ndiyo kitu kitamu pekee tutakachopata mle ndani, ningemshika mkono tukarudi zetu nyumbani, Evere.

Ilikuwa moja ya zile nyumba za steki ambazo ukiijua moja umezijua zote: viti vyekundu vya ngozi bandia, pembe za ng'ombe ukutani, muziki wa magitaa. Ipo hapa Bruseli, karibu na kituo cha treni cha Gare du Nord, chini ya majengo marefu ambayo miaka ile nilikuwa nasafisha ofisi zake asubuhi. Kila nikitoka kazini nilipita mbele ya dirisha lake na ndoto zangu. Shule yangu ni ndogo, lakini kuota nimeota sana. Nilikuwa nimeshachagua hata rangi ya vitambaa vya meza vya mgahawa wangu mwenyewe, kijani cha sombe, yale majani ya muhogo, wakati sufuria nzuri sina.

Na ndoto ya kwanza ilikuwa ya maman. Kazi yake ni katika nyumba ya wazee. Anawalisha kijiko kwa kijiko, anafuta kidevu, anabembeleza: "Kidogo tena, papa, kidogo tu." Tangu tufike Ubelgiji alikuwa hajakaa hata siku moja kwenye meza akaletewa sahani na mtu mwingine. Nikimwambia twende mgahawani, anasema watatuangalia. Nilimsumbua miezi hata akachoka.

"Bon," alisema. "Mara moja. Kama banatuheshimu, tutakuwa tunaenda. Kama hapana, usiniambie tena mambo ya restaurant. Tumepatana?"

"Tumepatana, maman."

Nilikubali haraka, kama mtu ambaye ameshashinda. Kwa hiyo mnaelewa: kila kitu kilikuwa juu ya sahani ile moja.

Alivaa kikwembe chake cha sherehe na kilemba. Mhudumu, kijana mrefu mwenye nywele zilizopakwa mafuta, alikuja akauliza bila kusimama vizuri: "Saignant ou à point?"

Alitaka kujua nyama iive kiasi gani. Sasa, kwetu Bukavu swali hilo halipo. Nyama ni mbichi au imeiva, na katikati kuna kusubiri tu. Saignant, yenye damu, hilo maman alilielewa, akatikisa kichwa kwa hofu. Akabaki na la pili.

"À point," alisema, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Kisha akaniinamia: "Kwa dictée, mwalimu akisema point, njo mwisho. Donc baipike mpaka mwisho."

Kweli, katika imla point ni nukta, sentensi imekwisha; nikaona maman ana akili kuliko sisi wote mle ndani. Nikaagiza vilevile.

Sahani zilipofika, aliomba. Maman haombi kwa kifupi. Alishukuru kwa ng'ombe, kwa mvua iliyootesha majani, kwa mikono iliyopika. Akasema amina, akashika kile kisu chenye meno, akakata. Damu ikatoka, ikatembea polepole hadi kwenye friti, vile viazi vya kukaanga.

Aliweka kisu chini. Katika kanisa letu damu hailiwi. Hata kuku tunamning'iniza kwanza imtoke yote.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "huyu ngombe bado anatembea."

Nilimwita mhudumu. Akaja, akaangalia sahani ya maman, kisha akaniuliza mimi: "Elle n'aime pas?"

Elle. Yaani yeye, hapendi? Na huyo elle amekaa pale pale na kilemba chake, anaongea Kifaransa tangu utoto, anazungumziwa kama meza. Nikasema tunataka nyama iliyoiva. Akatabasamu kama mwalimu wa watoto wadogo: à point ndiyo hiyo, mademoiselle, na hiyo si damu, ni maji ya nyama. Iliyoiva kabisa inaitwa bien cuit, mngesema tangu mwanzo.

Tungesema! Yeye alitutajia mawili, la tatu akabaki nalo kinywani mwake.

"Pardon, monsieur," alisema maman.

Aliomba msamaha! Nilianza kusimama. "Maman, acha nimwambie—"

Akanikanyaga mguu chini ya meza. "Ikala. Matata hatuileti kwa chakula."

Nikakaa, na kijana akairudisha sahani ya maman jikoni. Kwa kuwa mdomo ulikuwa umefungwa, nikautumia kula, na nikahukumu. Friti kwanza. Huu ni mji ambao mtu kwenye kibanda cha kona anakaanga viazi mara mbili, anakujazia kwenye karatasi, unaungua vidole na unacheka. Mle ndani zilikuwa baridi tumboni, laini kama vidole vya mtu aliyekaa sana majini. Sosi ya pilipili manga ilikuwa unga na maji, pilipili yenyewe imepita mbali ikasalimia. Saladi: majani mawili na kipande cha nyanya, vimekaa kama watu waliofika msibani mapema. Nyama yangu niliila pembeni pembeni. Haina chumvi, haina moshi. Kile chuma kinacholia ni cha kutembezwa kati ya meza tu, watu wasikie. Ukweli wake ndio huo.

Sahani ya maman ilirudi. Ile nyama ilikuwa imekasirikiwa jikoni, hilo nalijua hadi leo. Nyeusi, imejikunja, ngumu kama soli ya kandambili. Maman hana magego upande wa kushoto. Alitafuna akiangalia dirishani, akitabasamu ili nisione, na nikaona. Mwanamke anayewakatia wazee wa watu nyama iwe laini wasikabwe, yeye mwenyewe ameachiwa hicho.

Alipochoka, alikunja kilichobaki ndani ya kitambaa cha karatasi. Watu waliokimbia kama tulivyokimbia sisi hawaachi nyama mezani. Yule kijana alikuwa anaondoa vyombo. Akacheka: "C'est pour le chien, madame?"

Ni ya mbwa?

"Oui, oui," maman akajibu kwa upole wote wa dunia. "Le chien."

Hatujawahi kufuga hata kuku Bruseli.

Ndani ya basi nilikuwa nachemka, watu wakasogea mbali nami. "Maman, amekutukana! Amesema ni ya mbwa!"

"Hakunitukana. Ameuliza kama kuko mbwa nyumbani."

"Na ukasema ndiyo!"

"Kuko. Anabweka hapa pembeni yangu, banaomba anyamaze."

Nikacheka bila kutaka, na kule kucheka kukanikasirisha zaidi.

Nyumbani alivua kilemba, akaosha ile nyama, akaikata ndogo ndogo, akaitia kwenye sufuria na nyanya, vitunguu na pilipili. Akaiacha moto mdogo hadi nyumba nzima ikanukia. "Mbwa, kuya kula!" aliita. Ilikuwa laini, tamu, nilifuta sahani kwa ugali. Ng'ombe hakuwa na kosa lolote, masikini.

Nikaona njia bado ipo. Nikamwambia kuna mgahawa mwingine Laeken, mdogo, mwenyewe anapika na kuwasalimia wageni mlangoni, nimeuona kwa macho yangu.

Maman alikuwa anasugua sufuria. "Tulipatana nini?"

"Mara moja."

"Basi, chérie."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningebishana naye. Alisema kama mtu anayefunga dirisha kwa sababu ya baridi, na hadi leo hajakubali tena. Siku za kuzaliwa kwake anapika mwenyewe, amesimama, sisi tumekaa.

Wiki iliyofuata, baada ya kazi, nilirudi peke yangu. Kijana ni yule yule, hakunikumbuka. Nikasema bien cuit, kwa sauti hata meza ya jirani ikasikia. Nyama ikaja. Nikaikata katikati: nyekundu. Nusura nifurahi. Sikumwita. Nilinyanyua sahani kwa mikono miwili, nikapita katikati ya watu wanaokula, nikaitua kwenye kaunta mbele ya yule kijana, halafu nikarudi mahali pangu, nikakaa, nikasubiri aniletee iliyoiva.