Masharubu ya Gari la Sabini na Moja

Hadi leo, nikikuta gari la aina ile limeegeshwa mahali, sitazami usukani wala viti. Ninakwenda nyuma, ninainama. Watu hudhani nimeangusha kitu. Nimefanya hivyo Arusha, nimefanya hivyo Kitale, na kuna mlinzi wa hoteli aliyewahi kuniuliza kama ninatafuta paka.

Lilikuwa gari dogo la michezo, pua ndefu, viti viwili tu. Magari kama hayo yalipita kwetu wakati wa mashindano ya Pasaka, nasi tulishinda kando ya barabara ya Mwatate tukiyangoja, yaje yatumwagie vumbi. Langu nililinunua kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Lilitengenezwa mwaka wa sabini na moja, na lilikuwa limechoka, lakini ukikanyaga mafuta lilisahau uchovu. Nikamwahidi dada yangu kwamba siku ya harusi nitamchukua kanisani Wusi na kumshusha mlangoni kwa mumewe kule Mata, karibu na mpaka. Dada akaitangazia kwaya nzima.

Harusi ikiwa imekaribia, nikasikia kishindo nyuma. Kilikuwa kimekatika chuma kinachobeba difu, lile bakuli la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma. Fundi wangu, Mkamba mmoja mwenye gereji nyuma ya soko la Voi, alikiita masharubu kwa sababu kilipinda kama masharubu ya chifu wa zamani.

Voi wakati ule hukununua spea kwa jina wala kwa mwaka. Ulifungua kilichoharibika, ukakifunga ndani ya gunia, ukapanda nacho treni mpaka Mombasa, ukakilaza juu ya kaunta. Tuliamini kwamba mtu anaweza kudanganya lakini sampuli haidanganyi.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Mombasa mwenye kofia safi kuliko duka lake.

"La mwaka gani gari lenyewe?" akauliza.

"Sabini na moja."

Lakini alikuwa ameshaingia stoo. Akatoka na masharubu mapya yenye grisi, akayaweka juu ya yale ya zamani. Yalilingana kama viganja viwili.

"Haya, mwenyewe waona. Pacha hawa."

"Mbona matundu ya haya ya zamani ni marefu?"

"Yamelika hayo, ndugu yangu. Chuma nacho huzeeka."

Nikarudi Voi kwa furaha. Fundi akaingia chini ya gari, nikasikia akiguna, kisha akiomba jeki, kisha nyundo. Boliti ya kushoto ikiingia, ya kulia inakataa. Tukimaliza ya kulia, ya kushoto imetoka. Tofauti ilikuwa upana wa kidole.

"Gari hii iko na kiburi," akasema. "Imefanana na mwenyewe."

Nikarudi Mombasa. Mzee akalaza tena kimoja juu ya kingine, akanitazama kwa huruma kama mtu aliyeletwa hospitali ya wazimu na ndugu zake, akanibadilishia. Yale mengine nayo yakakataa, kwa upana ule ule wa kidole. Nilimkasirikia fundi, nikamkasirikia mzee, nikalipiga teke gunia.

"Tupanue matundu kwa tupa, tufunge, uende," fundi akasema.

"Nimpakie dada yangu juu ya kitu cha kulazimisha?"

"Dada yako anaolewa, haingii mashindano."

Nikakataa. Siku zikawa zinakwenda, gari liko juu ya mawe, na kila mtu wa kutoka milimani kwetu aliyeshuka Voi kwa shughuli zake alipita gereji kuniuliza kama nimeshaliosha.

Alhamisi ya wiki ya harusi, gari kama langu likasimama kituo cha petroli. Mwenyewe alikuwa mtu wa Nairobi aliyekuwa akishuka Mombasa. Alikwenda kununua soda, na aliporudi alikuta miguu yangu ikitokeza chini ya gari lake.

"Wewe, unafanya nini huko?"

"Natazama masharubu."

"Ya nani?"

Nilikuwa nimeshayaona. Yalikuwa yamenyooka. Nikauliza kutoka kule chini gari ni la mwaka gani, akasema sabini na moja, na kwamba hajawahi kulibadilisha hata taa. Nikamwita fundi. Akaja, akalala chali kando yangu, akapitisha kidole juu ya chuma kutoka boliti hadi boliti.

"Hii si masharubu," akasema mwishowe. "Hii ni rula."

Mtu wa Nairobi akachuchumaa na soda yake. Akatueleza kwamba magari ya sabini na tatu difu yake ilisogezwa nyuma kidogo, ndiyo maana chuma kikapindwa. Kwani hatukuulizwa mwaka dukani?

Hapo fundi akakumbuka gari la mashindano la aina hiyo hiyo lililoanguka kwenye kona za kupita Bura na kuachwa pale. Lilikuwa la sabini na tatu. Gereji zote za Voi zililila mpaka likabaki bodi. Kuna mtu aliyafungua masharubu yake, akayapanua matundu kwa tupa, akayalazimisha ndani ya gari langu siku za yule meneja.

"Si mimi," akasema, kabla sijamuuliza.

Nikampigia mzee simu kutoka posta. Yaliyonyooka hakuwa nayo, labda aulizie Nairobi.

Jumamosi nilipanda Wusi ndani ya lori la kabichi, na lori hilo hilo ndilo lililombeba bibi harusi. Mama alinisikiliza nikieleza habari ya chuma kilichonyooka na chuma kilichopinda. Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo una hasira."

"Sina."

"Unazo mpaka masikioni."

Kwetu Udawida, kule milimani, hasira ya kaka haibaki kwake. Humfuata dada mpaka jikoni kwake, na hata kwenye uzazi wake. Kabla dada hajaondoka, mwenye hasira hutasa: hujaza maji mdomoni, huyapuliza nje, na kutamka kwamba moyo umetulia. Mama alikuwa mtu wa kanisa hasa, lakini jambo hili hakumwachia mchungaji. Akaniletea kikombe mbele ya kwaya. Nikapuliza.

"Umemeza," akasema.

"Sikumeza."

"Nimeliona koo lako."

Kwaya ikacheka. Dada alikuwa amesimama kando ya lori na gauni lake jeupe, kitambaa mkononi cha kutandika kitini. Hakucheka. Nikajaza mdomo tena, nikayapuliza yote, yakaishia kwenye gurudumu la lori.

"Nenda salama," nikasema. "Sina neno nawe, wala na mumeo."

"Na gari?" mama akauliza.

Nikamrudishia kikombe.

"Na gari pia," dada akasema kwa niaba yangu, akapanda.

Chuma kilichonyooka kilifika kwa treni juma lililofuata. Boliti ziliingia kwa vidole, na fundi akaitazama nyundo yake kama mtu aliyefutwa kazi. Nikaendesha peke yangu. Kwenye kona za Bura nikasimama, nikainama nyuma ya ile bodi iliyoliwa. Hapakuwa na kitu ila matundu mawili na nyasi.

Mata nilimkuta dada akichambua maharagwe. Alifuta mikono, akafungua mlango, akakaa kwenye kiti cha abiria, magoti yakamgusa kifuani.

"Hapa ndipo ningekaa?"

"Hapo."

Akageuka huku na huku.

"Ni padogo," akasema. "Gauni lisingeingia."