Benchi Limejaa, Mungu Ashukuriwe

Daktari alikuwa na kipaji ambacho chuo cha udaktari hakikumfundisha, na kingejua kingemnyang'anya cheti: alipima afya ya kliniki yake kwa kuichungulia. Kila asubuhi alisogeza pazia la chumba chake, akatazama benchi la kusubiria, akaliona limejaa, akajisemea, "Mzima kama kigongo." Basi. Habari za mapato na matumizi aliwaachia wenye roho ndogo. Wewe ukimwendea na kichwa kinachogonga, atakupima presha, atakutoa damu, atakupa kikopo cha mkojo, na bado atakwambia hana uhakika. Lakini kliniki iliyomlisha yeye na mkewe, na kubeba mkopo wa mashine ya vipimo, aliipima kwa jicho moja na nusu pazia.

Mtaani walimwita Daktari Benchi, naye akalivaa jina kama nishani. Akanunua benchi la pili, lenye mto. Akaweka feni juu yake, runinga mbele yake, maji baridi pembeni. Kisha akatangaza kwamba marudio ni bure: ukishatibiwa mara moja, rudi uangaliwe bila kulipa. "Mgonjwa anayerudi," alipenda kusema, mikono mgongoni, "ni dalili ya kliniki yenye damu ya kutosha."

Siku ya kulipa mkopo ikafika, na pesa zilizokuwa benki hazikutosha hata kumnunulia afisa mikopo soda. Daktari akatafakari. Benchi limejaa, droo ya malipo tupu. Dalili hizi mbili ugonjwa wake ni mmoja tu: kuna mtu anaiba. Na mwenye ufunguo wa droo ni nani? Keshia, yaani shemeji yake, dada wa kuzaliwa wa mkewe.

"Dada yako anatutafuna," alimwambia mkewe wakiwa mezani.

"Umemwona?"

"Sina haja ya kumwona. Nimeliona benchi."

Mkewe akaweka kijiko chini taratibu, kwa ule utaratibu ambao kila mwanamume aliyeoa anaujua. "Mkamate kwanza. Ukimkamata, nitamfukuza mwenyewe. Ukimkosa, nitajua nimeolewa na nani."

Kesho yake Daktari akavaa kofia, barakoa na koti kuukuu, akapiga simu kwamba atachelewa, kisha akaingia kliniki kwake kama mgonjwa. Alijiona mpelelezi. Ukweli ni kwamba alifanana na mtu aliyetoroka wodini. Akanyoosha picha iliyopinda ukutani, kisha akajibanza benchini, kati ya mzee mwenye gazeti na mama aliyekuwa akifuma sweta, jicho kwenye dirisha la malipo.

"Sogea, kijana," mzee akasema. "Unaniziba feni."

"Pole, mzee. Unaumwa nini?"

"Niumwe tena? Nilitibiwa goti hapa mwaka juzi, likapona. Nimekuja marudio."

"Marudio ya goti lililopona?"

"Ndiyo maana ni bure! Nyumbani joto, na bibi yako ana maneno."

"Mimi nachaji simu," mama akasema bila kuulizwa. "Tamthilia ikiisha naondoka zangu."

"Na daktari hasemi kitu?"

"Nani, Benchi? Aseme nini maskini ya Mungu! Akichungulia pale kwenye pazia, sisi tunamkoholea kidogo. Anafurahi huyo!"

Benchi zima likaangua kicheko. Daktari naye akacheka. Ndani ya barakoa hakuna anayejua umecheka kwa meno gani.

Mara mama mmoja akasimama mlangoni na mtoto aliyewaka homa mgongoni. Akatupa jicho ndani. "Jamani, foleni hii nitaimaliza lini?" Akageuka, akavuka barabara, akaingia kliniki nyingine. Nyuma yake akaja bwana aliyeshika tumbo. Naye akaona umati, akaguna, akavuka. Dirishani shemeji alikuwa ameegemeza kidevu mkononi, droo wazi. Hata angekuwa na shahada ya wizi, hapakuwa na cha kuiba.

Uvimbe! Miaka yote hii Daktari aliuona uvimbe, akaupongeza kuwa ni unene. Mganga hajigangi, sawa, lakini huyu alikuwa amejinunulia ugonjwa, akauwekea na mto.

"Shemeji," sauti ikatoka dirishani, "vua hiyo barakoa utakosa hewa. Hakuna mgonjwa anayeingia hapa akaanza kunyoosha picha ukutani."

Akaivua. Benchi zima, kwa mazoea, likakohoa.

"Ulikuwa unanipeleleza?" shemeji akauliza.

"Nilikuwa..." Daktari alitafuta uongo wa kitaalamu, akakosa. "Ndiyo. Nilidhani unaiba."

"Niibe nini, hii kalamu? Kila mwezi nakwambia njoo tuangalie wangapi wamelipa. Unanijibu, 'Tazama benchi, shemeji!'"

Daktari akawageukia watu wake. "Wazee wangu, mama zangu, kuanzia leo marudio ya bure ni ndani ya wiki moja. Na runinga naizima."

"Unatufukuza sisi tuliokujazia kliniki?" mzee akafoka.

"Mlinijazia vizuri mno, mzee wangu. Wagonjwa wamekosa pa kuingilia."

Wakatoka wakimlaani, mama wa sweta akiwa wa mwisho, kwa sababu simu ilikuwa haijajaa. Benchi likabaki wazi. Ilibidi Daktari ajishike ukutani asiwakimbilie kuwarudisha. Hakujua kama wenye homa wangekuja. Akavuta kiti, akakaa upande wa ndani wa dirisha, akamwomba shemeji amwonyeshe mahesabu kuanzia mwanzo, polepole, kama anayemfundisha mtoto.

Simu ikaita. Mkewe.

"Haya, umemkamata mwizi?"

"Nimemkamata."

"Ni dada yangu?"

"Siye. Lakini unamjua vizuri. Ni yule unayemfulia makoti meupe."

"Basi mwambie," mkewe akasema, "leo ajifulie."