Sauti ya Mama Ndani ya Laptopu Kuukuu

Mama yangu aliongoza kwaya ya kanisa letu hapa mtaa wa Jericho tangu nikiwa mdogo. Kisha akafanyiwa upasuaji wa koo, na tangu siku hiyo huongea kwa kunong'ona. Nyimbo alizoimba kwa sauti yake zilibaki mahali pamoja tu: kwenye laptopu kuukuu aliyorekodia mazoezi. Kioo chake kilikuwa kimevunjika zamani, kwa hiyo haikutumika ila ikiwa imekaa juu ya kitako chake, kile kipande cha plastiki kinachoiunganisha na umeme na skrini kubwa.

Jumamosi moja niliitoa kabatini, nikaipangusa vumbi, nikaikalisha kwenye kitako, nikaiwasha. Taa ndogo ikamulika, ikazimika. Kimya.

"Hiyo imededi," dadangu akasema kutoka kwenye kochi. "Achana nayo."

Nikabadilisha waya wa umeme. Wapi! Nikatoa betri, nikashikilia swichi ili umeme uliosalia ndani uishe, nikajaribu tena. Wapi! Mwishowe nikaivua kwenye kitako, nikachomeka chaja ubavuni mwake. Feni ikaanza kuvuma.

"Sikia! Iko hai! Shida ni kitako!"

Dadangu akaruka, akaja na tochi ya simu. Tukachungulia pale mashine inapokalia. Vijino vya shaba vilikuwa vimeshika kutu ya kijani, na kimoja kimepinda. Nikavisugua kwa mswaki na spiriti. Kile kilichopinda nikakinyoosha kwa ncha ya sindano, pumzi nimeibana, maana kikikatika ndiyo basi. Vilipokauka, nikaikalisha mashine mahali pake, nikabonyeza.

Skrini ikawaka! Ikalalamika kwamba haijui leo ni lini. Nikaiwekea tarehe, ikaendelea. Dadangu akapiga vigelegele mpaka jirani akauliza dirishani kama tumepata harusi.

Mama akatoka jikoni, mikono imejaa unga. Nikafungua wimbo wa kwanza, na sauti yake ikapanda, nzito, safi, ikiwavuta wengine nyuma yake. Akaketi. Akafumba macho, midomo ikifuata maneno. Nilidhani atalia.

"Wanaume wamechelewa kuingia hapo," akanong'ona, akicheka. "Rudisha mwanzo, mwanangu. Na uongeze sauti."

Nikaongeza hadi mwisho, nikafungua madirisha yote, majirani nao wasikie.