Chai Iliyoandikwa kwa Ukali

Juzi nilikuwa Mwanjelwa, nimeketi na chai yangu barazani kwa mama mmoja muuza chai. Fundi alikuwa amemwandikia ubao mpya mlangoni: CHAI, kwa herufi nene, nyeusi, zenye pembe kali kama shoka. Mzee mmoja akafika, akavua kofia, akasimama wima.

"Shikamoo, baba. Karibu uketi," mama akamwambia.

"Niketi? Kwani hapa si ofisi ya serikali?"

"Mbona pameandikwa chai?"

"Nimesoma, mama. Lakini imeandikwa kwa ukali."

Akaketi, akanywa kimya mpaka tone la mwisho.

Nikamshauri mama amwite fundi azilainishe herufi. Akacheka. "Nizilainishe? Tangu zije, hajatokea mtu wa kusema chai yangu imepoa."

Yangu ilikuwa imepoa. Nikautupia jicho ubao, nikainywa.