Sauti ya Kwanza

Mwezi uliopita nilirudi kwetu Makueni, nikashuka hadi mtoni. Mchanga umerudi. Nikakumbuka tulivyokuwa tukichimba mashimo humo kutafuta maji, wasichana wadogo wenye mitungi, huku ng'ambo wapakiaji wakijaza malori mchanga, sepetu zikikwaruza kutoka asubuhi.

Baba wa msichana niliyeketi naye dawati moja alikuwa mpakiaji. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, akichechemea.

Siku moja mkulima aliyepinga malori alikatwa panga hapo mtoni, akafa. Waliomkata walidandia lori wakatoroka. Yule wa mguu mbovu hakuweza kukimbia. Kijiji kilimwendea, na nyanya yangu, aliyetulea kwa muthokoi wa mahindi na maharagwe na kwa nyimbo za kanisa, akachomoa ukuni jikoni akafuata. Aliporudi alinawa mikono, akatupakulia. Nikamwuliza kama tutaenda kuwapa pole kina rafiki yangu.

"Huyo si mtu wa kuliliwa," akasema. "Kula."

Mpakiaji yule alizikwa na watu watatu tu, mkewe na ndugu wawili, bila pasta. Mkulima alizikwa Jumamosi: mahema matatu, pilau, wanasiasa wakigombania maikrofoni. Kwaya ya shule ilitakiwa kuimba, na rafiki yangu ndiye aliyekuwa akianzisha sauti ya kwanza. Mwalimu alimwonya kwamba asipokuja asirudi shuleni.

Akaja. Tulipoanza, niliona midomo yake ikicheza lakini sauti haitoki. Mimi ndiye niliyemshtaki. Nilitaka nafasi yake, hakuna sababu nyingine. Mwalimu akampeleka nyuma ya hema, tukasikia kiboko. Aliporudi aliimba vizuri kuliko siku zote. Watu walilia. Nyanya yangu alilia mpaka akashikiliwa. Rafiki yangu mwenyewe hakutoa chozi.

Muhula uliofuata mama yake alipata kazi ya kuosha vyombo kwenye hoteli huko Mtito Andei, wakahama. Sikumwona tena. Nyanya tulimzika kwa heshima zote. Malori hayaji tena. Kaburi la mkulima limewekwa vigae; lile lingine limelimwa, sasa ni mbaazi tupu.

Nilimwuliza jirani yetu mzee, yule mpakiaji alizikwa upande gani hasa.

"Mpakiaji gani?" akasema.

Siku ile kijiji kilipomwendea mpakiaji, mzee huyu nilimwona na jiwe mkononi. Nikamwambia labda nimechanganya na mahali pengine. Akaniongezea chai, tukazungumza habari ya mvua.